Migomba ya Makopo Nyuma ya Nyumba

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaoyumba na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu hunichosha mapema kuliko jembe. Lakini kila ninaposikia harufu ya samadi kavu ikiloweshwa maji, mkono wenyewe hutafuta karatasi. Harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu Magamba, karibu na Mpanda, kiangazi kimoja cha miaka ya tisini, nilipokuwa msichana mdogo mwenye aibu kiasi kwamba mwalimu akiniuliza jina langu, niliitazama miguu yangu.

Sisi ni Wasukuma. Wazazi wangu walihamia huko na ng'ombe wao, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda mgomba. Kiangazi hicho Mama Zuhura, mchuuzi wa dagaa kutoka Kapalamsenga kule ziwani, alimletea mama machipukizi matatu ya migomba, shukrani kwa maziwa tuliyozoea kumpa. Ardhi ilikuwa imekauka, na ndama walikula kila kilicho kibichi, kwa hiyo mama akayapanda kwenye makopo makubwa ya mafuta ya kula, akayapanga nyuma ya nyumba chini ya upenu, akanikabidhi mimi. Hapo karibu maji ya bafuni yalikuwa yakitiririka, na mama alipataka pawe pa migomba. Baba alipataka pawe zizi la ndama. "Mvua ya kwanza ikiyakuta hai, pandeni," alisema. "Yakifa, nachimbia nguzo zangu, na nisisikie kilio cha mtu."

Mama, binti wa wafugaji, aliamini hakuna kitu duniani kisichopenda kinyesi cha ng'ombe. Tulikichota zizini kikiwa bado kinafuka mvuke, tukajaza makopo, nami nikamwagilia asubuhi na jioni mpaka maji yakawa yanasimama juu. Majani yakageuka njano, kisha yakalegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Kaka yangu Masanja akawa anapita akipima kwa hatua zake mahali zizi litakaposimama. "We Kabula, unalea maiti," alinitania. Nilikwenda kulia nyuma ya kihenge cha nafaka, mahali ambapo hata kuku hawakunijali.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama Zuhura aliporudi na magunia yake ya dagaa, hata kigoda hakukipokea. Alinusa kopo, akashika kiuno. "Nyie Wasukuma! Mgomba siyo ndama jamani. Mmeupika!" Mama akamjibu kwamba mtu anayenuka dagaa hana pua ya kunusia samadi, wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Kisha wakafanya kazi. Chipukizi moja lilikuwa limeoza mpaka moyoni, likatupwa. Mawili yaliyobaki aliyakata mizizi yote iliyoungua na majani yote, akapaka vidonda majivu, akayalaza kivulini mpaka yakakauka yalipokatwa. Akatoboa makopo chini, akanituma zizi la zamani nilete samadi kuukuu, nyepesi kama ugoro, akaichanganya na udongo. "Sasa wewe binti, chomeka kidole," aliniambia. "Kikitoka na udongo, mwache. Kikitoka kikavu, mpe kikombe kimoja tu."

Nikawa mtu wa kidole. Nikitoka shule, kabla ya kuvua sare, nilichomeka kidole, kisha nikayasogeza makopo kukifuata kivuli. Ndani yake vilisimama vijiti viwili tu, visivyo na dalili ya uhai. Mawingu yakaanza kujikusanya. Baba akaleta nguzo, akazilundika palepale. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Asubuhi moja nikaona katikati ya kijiti kimoja kitu cha kijani kimechomoza, kimeviringwa kama mkeka mdogo. Mimi niliyeshindwa kutaja jina langu darasani nilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Baba akaja na mswaki mdomoni. Akachuchumaa, akachomeka kidole kama alivyoniona mimi nikifanya, akakitazama. "Mayu," alisema, jina ambalo Msukuma humwita mama yake, na binti anayemheshimu. "Mtamba huyu ni wako," kana kwamba kile kijiti ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado.

Mvua ya kwanza iliikuta migomba yote miwili ina majani. Zile nguzo baba alizichimbia kama alivyoahidi, ila aliizungushia migomba, na ndama wakabaki nje.

Siku hizi watu hununua miche iliyokwisha kuchipua kwenye viriba vyeusi vya plastiki. Ni mizuri, nami siikatai, ila anayeinunua haijui asubuhi ile. Mashina yetu bado yapo. Kila mwaka nayatenga machipukizi kwa mkono wangu, na watu huja na ndoo mbovu kuyachukua, hata kutoka Kasekese. Baba amezeeka, ng'ombe wamepungua, lakini mgeni akimwuliza migomba hii ni ya nani, hujibu bila kugeuka, "Hizo ni ng'ombe za Kabula."

Nawe uliyewahi kulea kitu ambacho wengine walikwisha kukizika, niandikie unieleze kilichomozaje. Nitakujibu, ingawa polepole.