Masaa Kumi na Saba ya Kamali

Mimi Gaudiose nauza nyanya Bukavu. Kila asubuhi nashuka kutoka Mururu na mzigo kichwani, navuka daraja la mpakani, Rusizi ya Kwanza, askari wanaangalia kikaratasi changu, napita, na muda si muda niko Kongo. Kwangu nchi ya watu ni mwendo wa miguu. Ndiyo maana nilikosea.

Maman alikufa Jumanne. Ndugu yangu mdogo, Kamali, yuko Edmonton kule Kanada, mwaka wa kumi na moja sasa. Ananiita Yaya kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Alilia kwenye simu, akasema, "Yaya, nitafika Jumamosi saa sita ya muchana. Musifunge sanduku mpaka nimuone uso. Nakuomba hiyo tu."

Jumamosi! Jirani yangu Uwamwezi akatafuta kwenye simu yake: Edmonton mpaka Kigali, kilometa elfu kumi na tatu na mia nne, masaa kumi na saba kwa ndege. Na Kamali alikuwa anaondoka Jumatano usiku. Nikampigia tena.

"Masaa kumi na saba, weh! Ijumaa asubuhi uko hapa. Ao unataka kulala kwanza hoteli?"

Akasema hakuna ndege ya moja kwa moja. Ni tatu, na kungojangoja katikati, halafu barabara ya msituni mpaka kwetu.

"Eh, nyinyi batu ba Kanada, maneno hayabaishiye, kila siku visingizio!" Nikakata simu.

Padri alitupa siku mbili tuchague, Ijumaa ao Jumamosi. Mimi ndiye niliyesema Ijumaa, saa nane.

Ijumaa watu walipita mmoja mmoja mbele ya sanduku kumuaga Maman. Nami nilisimama pembeni yake. Simu ya Kamali haikupatikana. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu Padri akaniangalia, nikasema, "Mufunge." Sikulia. Tulizika, tukarudi nyumbani, tukanawa mikono wote pamoja kama desturi, hotuba zikasemwa, wageni wakanywa, wakaenda. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa ganzi kwa daktari wa meno: unajua unang'olewa, lakini husikii kitu.

Jumamosi, saa sita kasoro kidogo, Kamali akaingia na mkoba mmoja. Tulikuwa tunapanga viti vya kurudisha. Akaona viti, akaelewa. Akaketi chini, kwenye udongo, na suruali yake nzuri. Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana.

"Yaya, uso wake ulikuwa namna gani?" aliuliza polepole.

Nikakumbuka Ijumaa. Saa nzima nilisimama hatua moja kutoka kwa Maman, simu mkononi, nikihesabu dakika.

"Sikumuangalia, Kamali," nikasema. "Nilikuwa naangalia saa."