Nilivyompeleka Mchezaji wa Wawili Wawili Kuposa Kenol

Shughuli yote ilinigharimu mbuzi wawili, kreti nne za soda, gari la kukodi kutoka Nyeri hadi mji wa Kenol na kurudi, na jina langu kama mtu anayejua kupatana. Nimejumlisha mara mbili na jibu ni lile lile. Mbuzi watazaliwa wengine.

Mimi huuza viatu vya mtumba Majengo, hapa Nyeri, chini kidogo ya msikiti, na zaidi ni vya michezo. Watu hunichukua kuwa msemaji wa posa kwa sababu ya mdomo wangu. Wanasema mtu aliyemuuzia mwalimu mkuu kiatu cha kushoto namba arobaini na cha kulia namba arobaini na moja, na mwalimu akaondoka akishukuru, hawezi kushindwa na wazee wanaodai mahari. Niliwahi kupeleka vijana saba, na wote wakapata wake. Huyu ninayemweleza ni wa nane, na mpaka sasa sijui nimweke upande gani wa hesabu.

Ni Mwindonesia. Alikuja kibandani kutafuta viatu vyenye soli laini isiyoacha alama kwenye sakafu ya ukumbi. Nikamtajia elfu tatu, nikijua tutashindana hadi elfu moja na mia mbili. Akatoa elfu tatu. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, kisha nikamrudishia elfu moja kwa sababu moyo uligoma.

"Kwani kwenu hampatani bei?" nilimuuliza.

"Bei unajua wewe," alisema. "Mimi najua viatu."

Tangu siku hiyo akawa anapitia kibandani jioni kunywa chai. Alikuwa kocha wa badminton, ule mpira wa vinyoya, katika shule moja ya bweni upande wa mlimani. Kabla ya hapo alikuwa ameucheza kama kazi kwa miaka mingi, kwao na katika nchi za watu, na wakati wote alicheza wawili wawili. Peke yake hakuwahi, hata utotoni. Alinifundisha mchezo juu ya meza yangu kwa viatu: viwili upande huu wa wavu, viwili upande ule. Mkishambulia, mmoja anakaa mbele karibu na wavu, mwingine nyuma anapiga kwa nguvu kuelekea chini. Mkishambuliwa, mnasimama bega kwa bega. Kinyoya chenyewe alinipa nikishike. Kilikuwa na manyoya kumi na sita ya bata. Nikahesabu tena. Kumi na sita.

"Na ikikuja katikati yenu, ni ya nani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Nani amepiga mwisho. Nani yuko na mkono karibu. Nani hajachoka."

"Na mkiiacha nyote wawili, kila mtu akidhani ni ya mwenzake?"

"Tunaangaliana," alisema, akacheka hadi chai ikamwagika. Mimi sikuona cha kuchekesha. Katika biashara, kitu kisicho na mwenyewe huibwa.

Maisha yake ya mchezo aliyasimulia vipande vipande. Baba yake alikuwa fundi wa nguo katika mji mdogo kisiwani Java. Alipofika miaka kumi na moja alipelekwa kukaa kwenye bweni la klabu, na huko hakuchagua chochote: saa ya kuamka, chakula, hata mwenzake wa kucheza. Asubuhi wakifunga kamba za viatu kocha alipita akinyooshea kidole, wewe na wewe, na hiyo ndiyo ilikuwa ndoa. Kwanza alipewa kijana wa mkono wa kushoto, wakacheza pamoja mpaka wakawa wanajuana kwa kupumua. Asubuhi moja kocha akapita akanyoosha kidole kwingine. Hakuna aliyeuliza. Yule wa kushoto alihamia upande wa pili wa ukumbi na wakawa maadui kuanzia saa nne. Alipewa wa pili, wa tatu, wa nne. Pamoja na wa tatu alifika nusu fainali ya mashindano makubwa na kupata medali ya shaba. Kisha goti likakataa, na goti likikataa kocha hanyooshi tena kidole kwako.

"Na hukuwahi kusema, huyu simtaki?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuwahi kuiambia mvua isinyeshe.

Basi huyu ndiye aliyekuja siku moja akaniambia anataka kuoa. Msichana alikuwa nesi wa shule hiyo hiyo, na nyumbani kwao ni Kenol. Ndugu wa karibu zaidi wa bwana harusi alikuwa ng'ambo ya bahari, kwa hiyo akaomba mimi niwe ukoo wake. Nilimuuliza alivyompata huyo nesi. Akasema hakumpata. Alikuwa amekwenda kufungwa bandeji, nesi akamwambia, "Jumapili utakuja chai." Akaenda. Jumapili iliyofuata akaambiwa atamsindikiza kanisani. Akamsindikiza. Siku nyingine akaambiwa, "Sasa inabidi ukuje kwetu uniulizie." Akaja kwangu.

Njiani, tukishuka kuelekea Kenol, nikampa masharti ninayowapa wote.

"Kazi yako ni kukaa. Usiseme. Mimi ndio nitasema. Nikikuangalia, tabasamu."

"Kama kocha," alisema.

"Kama kocha kabisa," nikamwambia, na kusema kweli nilijisikia vizuri.

Kwao tulipokelewa na msemaji wao, mjomba wa msichana, mzee mwembamba mwenye koti zito na macho ya mtu anayepima magunia. Nilimjua aina yake mara moja. Tulipomaliza maombi na chai, akaanza.

"Tumeona mgeni wetu. Anafanya nini huyu?"

Nikasimama. Nikasema mtoto wenu ameangukia nyota, huyu ni bingwa, ameleta medali kutoka mashindano ya dunia nzima. Nikamtazama ili atabasamu. Badala yake akainua mkono kama mtoto darasani.

"Na mwenzangu," akasema. "Tulishinda wawili."

"Ati wawili?" mjomba akauliza. "Sasa hiyo medali ni nusu?"

"Kila mtu anapewa yake, mzee," nikadakia.

"Lakini kushinda ni ya nani?"

"Yake," nikasema.

"Yetu," akasema yeye.

Mjomba alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Msemaji, sema na mtu wako kwanza, halafu mtuambie. Yeye peke yake ameshinda nini?"

Mwindonesia alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayepekua mifuko yake yote. "Hakuna," akasema.

Nyumba ilicheka. Shangazi mmoja mnene karibu na mlango alisema, "Angalau hadanganyi. Wenu wa Nyeri hutuletea mabwana shamba wasio na shamba." Nilishika hapo hapo. Nikawauzia ukweli wake kama vile ndio bidhaa niliyokuja nayo. Mbuzi wakapokelewa, maneno ya mahari yakaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilianza kumhesabu kuwa wa nane.

Ndipo wakaja na leso.

Ni desturi ya sherehe hizi kwetu. Wanawake kadhaa hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wakapangwa mstari, na bwana harusi huenda akamtoa wake. Akikosea analipa faini, watu wanacheka, anajaribu tena. Hata vijana wangu wawili walikosea, mmoja akamtoa nyanya mzaa mama wa bibi harusi, na ndoa iko mpaka leo. Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu leso. Nilidhani ni kitu ambacho mtu yeyote mwenye macho angeelewa.

Walikuwa watano. Nilihesabu mara mbili. Yule shangazi akampigia makofi: "Haya mgeni, chukua wako, na usiguse wa wenyewe!"

Akaenda mpaka mbele ya mstari. Akasimama wima, mikono nyuma. Kisha akageuka akanitazama.

Nikatabasamu. Nilidhani tumesahau zamu ya nani kutabasamu.

"Kocha," akasema, "yupi?"

Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba aendelee. Hakuendelea.

"Chagua wewe!" nikamwambia.

"Najua yupi. Wa pili kutoka mwisho," akasema kwa heshima zote. "Lakini wewe ndiye unasema."

Leso ya pili kutoka mwisho ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. Ikaacha kutetemeka. Kisha ikashuka, na nesi akatokea, nywele zimevurugika.

"Unajua ni mimi?"

"Ndiyo."

"Na unangoja uambiwe?"

"Nangoja iwe sawasawa," akasema. Ilionekana wazi kwamba hakujua amekosea wapi, na mimi nilikuwa sijui nianzie wapi kumweleza, kwa sababu kama angekosea mtu ningejua la kusema. Faini ya kukosea ipo. Faini ya kutochagua sijawahi kuisikia. Nilimtazama mjomba, na nadhani naye alikuwa anaitafuta kichwani.

"Msemaji," mjomba akasema hatimaye, "huyu anaoa ama anapangiwa zamu?"

Nilifungua mdomo ule ninaochukuliwa kwa ajili yake, nesi akaniwahi.

Hakupandisha sauti. "Chai nilimwambia mimi. Kanisa nilimwambia mimi. Hata kuja hapa nilimwambia mimi. Nilisema, sawa, ni mgeni, hajui njia zetu. Lakini leo nilikuwa chini ya leso nikifikiria, sasa hii moja atafanya mwenyewe." Akaanza kuikunja ile leso. "Mbuzi wakae. Yeye aende. Siku atataka, akuje peke yake, bila kuambiwa na mtu." Akanigeukia mimi. "Na wewe, baba, hata kumkonyeza usimkonyeze."

"Mama, mimi..."

"Hata jicho."

Tukarudi hadi Karatina. Hapo Mwindonesia akaanza kusema, akitazama mbele.

"Yule wa tatu, nilikuwa simpendi. Anakula akifungua mdomo. Ningechagua mimi, ningecheza na rafiki yangu wa mkono wa kushoto, na tungeshindwa kila wiki tukicheka. Kocha aliona kitu sikuona. Medali ilitoka hapo."

"Kwa hiyo huyu msichana hukutaka kumchagua?"

"Namtaka sana. Ndiyo maana sikutaka nichague vibaya."

"Lakini ulikuwa unajua ni yupi!"

"Kujua si kuchagua," akasema, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika raketi.

Sentensi hiyo nimeigeuza kama kiatu, ndani na nje, na sijaona mshono. Kuna saa naona ni upumbavu mtupu. Kuna saa, hasa nikiwa nimekaa bila mteja, naona alinipa heshima kubwa kuliko niliyowahi kupewa, kunikabidhi jambo zito kama hilo, nami nikampungia mkono kama ninayefukuza kuku.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikitegemea anisaidie kushangaa. Akaniuliza, "Na wewe nani alikuchagulia mimi?"

"Nilikuchagua mwenyewe."

Alicheka akaingia jikoni, akaendelea kuchekea huko. Alipotoka nikamuuliza anacheka nini. "Kunywa uji," akasema. Nikanywa. Sasa sina hakika hata na hiyo hesabu.

Nesi na kocha wanaonana kila siku shuleni, maana hakuna aliyefukuzwa kazi. Nesi anamsalimu vizuri. Mtoto akiumia mazoezini wanamshughulikia pamoja. Lakini nesi amepata kazi kwenye zahanati ya shamba moja la maua huko Timau, na shule zikifungwa anahama. Hilo aliniambia mwenyewe alipopita kununua viatu vya kazi, akanipunguzisha bei mpaka nikauza kwa hasara, nami sikupigana. Nilimuuliza kama bado anamngoja yule Mwindonesia. Akasema, "Nikuambie wewe, ili umwambie?" Akachukua viatu vyake.

Na Mwindonesia bado anakuja jioni. Anakunywa chai, anaweka kikombe chini, anauliza, "Tunaenda lini?"

Nimesema hakuna sisi, ni wewe. Akasema, "Sawa. Naenda lini?"

Nikimwambia Jumamosi, mimi ndiye nimechagua, na akiulizwa mlangoni kwa kina nesi atasema ukweli. Nimemwona akisema ukweli mbele ya watu waliotaka kudanganywa. Nikimwambia nenda siku unayotaka, ananiitikia, "Sawa, kocha," na hapo tayari nimemtuma. Nilijaribu kunyamaza. Akanyamaza nami, akangoja, kwa utulivu wa mtu aliyefundishwa kungoja tangu miaka kumi na moja. Nilijaribu hata kumfukuza kibandani ili aende mwenyewe kokote. Kesho yake alikuja mapema kuuliza kama adhabu imeisha.

Kwa hiyo nauliza wewe unayesoma, wa Nyeri, wa Kenol au wa kwingine, na hasa kama umeishi na mtu wa namna hii: anaambiwaje bila kuambiwa? Nimezoea kuuza maneno na sasa nanunua, na bei sitakusumbua. Ila uniambie kabla shule hazijafungwa.