Wivu wa Taraivini kwa Mashine ya Macho

Nianze na ubaya wake, maana mazuri yake yanajulikana kijiji kizima. Binamu yangu Taraivini alikuwa na wivu. Si wivu wa mume. Marehemu mume wake hakuwa wa kugombaniwa, na hilo alikuwa akilisema mwenyewe. Alikuwa na wivu wa wagonjwa. Daktari wa mjini Labasa akikutibu ukapona bila kupitia kwake, alikununia wiki nzima. Ukienda kukandwa mgongo kijiji cha jirani, alikuuliza kanisani mbele za watu kama siku hizi mgongo wako umehamia huko.

Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na sanduku la dawa, kipimo cha presha, na kila Ijumaa alikagua miguu ya wenye kisukari, ambao kwetu pwani hii ni wengi kuliko wasio nacho. Aliwashika nyayo, akatenganisha vidole kimoja kimoja kutafuta kidonda, huku akiwasema kwa chai yao ya vijiko vinne vya sukari. Kuna miguu mingi inayotembea hapa leo kwa sababu yake.

Miguu ya mtu mmoja tu hakuwahi kuigusa, nayo ni ya kaka yake, Apenisa. Kwetu kaka na dada wakishakua hawasemeshani, hawagusani, wala hawatazamani machoni. Ndiyo heshima yenyewe. Lakini mimi ni mtoto wa mjomba wao, na binamu wa namna hiyo ni mtani. Naruhusiwa kusema na wote wawili, hata matusi. Kwa hiyo maneno yao yote yalipita kinywani mwangu.

"Sevuloni," Taraivini aliniita kila Ijumaa, "nenda kwa kaka yangu. Mwambie avue viatu, umtazame katikati ya vidole. Na usinidanganye kama wiki iliyopita."

"Nilimtazama!"

"Mlikunywa kava mkasinzia. Wewe macho yako yanaona bakuli tu."

Apenisa akisikia nimetumwa na nani, alivua viatu bila neno. Mke wake alimwambia apunguze sukari, hakusikia. Mimi nilimwambia, akanicheka. Dada yake alipomwambia, kwa kinywa changu hiki hiki, aliacha sukari siku ile ile.

Mwaka juzi akaja muuguzi kutoka Labasa, Sista Roshni, na mashine ya kupiga picha nyuma ya jicho. Tulimpokea kwa bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, kama mgeni yeyote, kisha akaieleza pale ukumbini. Unaweka kidevu hapa, unatulia, na kompyuta yenye akili bandia inasema papo hapo kama kisukari kimeanza kula jicho.

"Bandia?" akadakia mzee Viliame. "Kwani ya kweli imekwisha huko hospitali?"

Watu walicheka, lakini walipanga foleni. Viliame aliuliza kama jicho lake litaonekana mpaka Suva, mji mkuu. Sista akamwapia kwamba picha haitoki hospitalini na kwamba daktari naye ataipitia. Basi akakaa kwenye kiti, ila kwa tahadhari alifumba jicho moja. Bibi Ulamila alipopita mbele ya mashine aliinama na kuomba radhi, kama apitavyo mbele ya mkubwa. Baada yake wote wakawa wanainama.

Taraivini alikuwa amekaa pembeni na kipimo chake cha presha. Hakuna aliyemwendea.

"Binamu," nikamchokoza, "leo hata nzi hawaji kupimwa."

"Njoo nikupime wewe huo ulimi. Umewaona? Mimi miaka yote hii wananipita wima kama mlingoti. Dude la plastiki wanaliinamia!"

Kilichomchoma zaidi kilitoka kwa Karalaini, mke wa mchungaji. "Mimi nimeipenda," alisema kwa sauti ya kusikika. "Haigombezi mtu. Wala haipeleki sukari yako kwenye kikao cha akina mama." Watu wakatazama chini, kisha wakamtazama Taraivini. Ni kweli alikuwa akiitaja sukari ya watu vikaoni, ila alidhani ni kwa faida yao.

Apenisa alipoingia, Taraivini alitoka kwa mlango wa nyuma kama inavyopasa, akakaa nje chini ya dirisha. Nilimfuata. Tulimsikia Sista Roshni ndani: "Fungua macho, baba. Tazama hapa. Usipepese." Kisha: "Mashine inasema macho yote mawili yameharibika, na picha hata mimi naiona. Nenda hospitali ndani ya wiki mbili, wakuchome kwa mwanga kabla damu haijavujia ndani ya jicho."

Nilimgeukia binamu yangu nikidhani nitaona hofu. Niliona wivu mtupu.

"Imemtazama," alisema. "Kaka yangu nimempenda kuliko watu wote, na sijamtazama tangu nina miaka kumi. Hilo dude limekuja asubuhi, limemtazama mpaka nyuma ya jicho!"

Jioni Apenisa aliniita kwake. "Dada yangu amesemaje?"

"Mashine imeshasema, na Sista kasema."

"Mashine siijui, na yule binti simjui. Nimekuuliza dada yangu amesemaje."

Nikaenda. Taraivini alikuwa akimenya magimbi, wala hakuinua kichwa. "Mwambie akaiulize mashine yake."

"Anakuuliza wewe!"

"Alipokwenda kukaa pale aliniuliza? Alikaa mwenyewe, akafungua macho mwenyewe."

"Kwa hiyo asiende?"

"Sijasema hivyo. Sijasema kitu. Nenda kamwambie sijasema kitu."

Hapa na mimi nina kosa langu. Nilikuwa nimechoka kutumwa, nikaufikisha ujumbe kama ulivyo, kwa hasira. Apenisa alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi si jambo kubwa," alisema. "Lingekuwa kubwa, angesema."

Wiki mbili zikapita. Basi la Labasa lilipita kila asubuhi, naye hakupanda. Mke wake alinibembeleza, nikarudi kwa Taraivini na kumwambia wazi kwamba kaka yake hajaenda kwa sababu anangoja neno lake. Nilidhani atashtuka. Alifurahi. Niliiona ile furaha kabla hajaificha kwa kukohoa.

"Kumbe ananingoja," alisema.

"Nimpelekee neno gani?"

"Angoje kidogo."

Angoje kidogo! Nilimtukana matusi ambayo hata mtani huyafikiria mara mbili, naye akanicheka. Nadhani zile zilikuwa wiki za raha kuliko zote katika maisha yake. Alikuwa akiimba akifua.

Wiki ya sita alinijia nyumbani mwenyewe, Alhamisi asubuhi, amevaa gauni la kanisani. "Twende," alisema. "Leo utamwambia kaka yangu apande basi la kesho. Mimi nitasimama pale njiani nisikie anavyojibu."

Apenisa alikuwa amekaa kizingitini, uso umetuelekea. Taraivini alisimama kwa mbali, akangoja ageuze uso, kama alivyougeuza kila walipokutana kwa miaka arobaini. Hakuugeuza. Alimtazama dada yake sawasawa, macho kwa macho, wala hakupepesa. Taraivini aliduwaa, naye akawa anamtazama. Sijawahi kuona aibu kama ile mchana kweupe, na sikuelewa, mpaka Apenisa aliposema.

"Nani hao? Sevuloni, ni wewe? Uko na nani? Tangu jana kuna kiza kimenishuka machoni. Nilidhani kitaondoka."

Taraivini alinishika mkono kwa nguvu. Nilingoja anipe la kusema, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Hakunipa. Aliniacha, akatembea mpaka kizingitini.

"Apenisa," alisema. "Ni mimi."

Kaka yake alishtuka, akageuza uso haraka ukutani na kuinamisha kichwa.

"Mashine ilisema kweli," Taraivini aliendelea huku analia. "Nilijua inasema kweli siku ile ile. Nilikuwa na wivu. Nilitaka uningoje mimi."

Apenisa aliuacha uso ukutani. Kisha akanyoosha mkono hewani, upande ambao alidhani nimesimama.

"Sevuloni," alisema, "mwambie dada yangu, nimengoja."