Fundi Asiyefuta kwa Haraka

Mara ya kwanza mimi na fundi huyu wa kompyuta tulibishana bei mlangoni kwake Kasese, mimi nimetoka Bwera na kompyuta ya biashara yangu ya kahawa kwapani. Tukapatana: aweke diski mpya, ahamishe mafaili, aifute ya zamani, kisha hiyo ya zamani iwe ujira wake. Nilijiona mjanja. Mama huyu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, hugusa chuma cha dirisha kutoa umeme wa mwilini kabla ya kushika diski, huongea chini kama aliye karibu na mtoto aliyelala, na idadi ya mafaili huiandika kiganjani. Akishahamisha, huchomoa diski ya zamani na kukusukumia kipanya. "Papa, fanya kama ile imekufa. Tafuta vitu vyako."

Hesabu zangu zote zilikuwepo. "Futa," nikasema. Akatazama kiganja. "Inabakia kumi na mbili." Nikamwambia hayo ni ya folda niliyoiita Takataka, hayana haja kuhamishwa.  Alirudisha diski ya zamani, akaifungua folda, akanigeuzia skrini: uso wa mama yangu. Mafuriko yalipobeba nyumba yetu ya Kilembe, nilidhani picha za mama zimekwenda nayo. Kumbe binti yangu alikuwa amezinakili kwa simu kabla ya mafuriko, nami nikazitupa humo bila kuangalia.

"Huyu mama iko na pua yako," fundi akasema. "Naye tufute?"

Alizihamisha, akanifanya nifungue moja moja, zote kumi na mbili. Jioni diski ikawa yake, imefutwa safi. Mimi nilipoteza siku nzima ya soko, nikarudi Bwera kompyuta nimeipakata.