Msichana wa Katikati

Juzi mjukuu wangu alinijia na daftari, akitaka nimwonyeshe namna ya kutafuta nambari ya katikati. "Zipange kwanza, ndogo hadi kubwa," nikamwambia, na kabla sijamaliza nilikuwa nimesharudi Nyamira, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nanuka moshi wa kuni, vidole vyeusi kwa kuchuma chai.

Darasani tulikuwa wasichana kumi na mmoja, na mmoja nilimwonea wivu usiosemeka: binti wa jirani. Chinsaga ya kwao, ile mboga chungu ya mgagani, ilichemshwa kwa maziwa, yetu kwa maji na chumvi. Kila akipita, mama alikuwa akiniambia, "Mwangalie mwenzako alivyo nadhifu." Hata kuimba kwake kanisani siku ya Sabato kuliniudhi.

Basi siku moja mwalimu wa hesabu akatuambia kwamba Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Kisii ametoa kitambaa cha gauni moja, wazazi waione sare mpya. Fundi angelishona kwa kimo cha msichana wa katikati, na msichana huyo angebaki nalo. Mimi nilikuwa sijawahi kuvaa nguo ambayo dada zangu hawakuianza.

Mwalimu akatupanga, mfupi hadi mrefu. "Watano huku, watano kule. Wa sita ndiye katikati. Kesho fundi atampima." Wa sita alikuwa binti wa jirani. Mimi nilikuwa wa saba, nimempita kwa upana wa kiganja.

Jioni, nikisaga wimbi, nilipiga hesabu: wafupi wawili wakikosa, katikati patakuwa pangu. Nikawaendea wale wawili wafupi kabisa, nikawaambia mwalimu anaumwa, kesho hakuna masomo.

Mmoja alinisadiki. Wa pili mamake alimfukuza aende akahakikishe. Tukawa kumi. Mwalimu alihesabu kutoka huku, akahesabu kutoka kule, akacheka.

"Leo katikati wako wawili. Tunajumlisha vimo vyao, tunagawanya kwa mbili."

Wawili wenyewe ni mimi na binti wa jirani. Gauni likashonwa kwa kimo ambacho hakuna msichana aliyekuwa nacho. Lilipoletwa, kwangu lilikuwa fupi, magoti nje; kwake lilikuwa refu. Fundi hakusita hata kidogo.

"Huyu nitamkunjia pindo," alisema. "Huyu mwingine, kitambaa cha kuongeza nitatoa wapi?"

Yule mfupi aliyebaki nyumbani aliniuliza kwa nini mwalimu alikuwa mzima. Nikamwambia labda alipona haraka. Alinishukuru kwa kumpelekea habari.

Binti wa jirani naye aliningoja njiani. "Dada, ukitaka nitakuazima."

"Silitaki," nikamjibu. Nililitaka mpaka meno yakauma.

Shule ile imebomolewa, ikajengwa ya mawe. Mwalimu hayupo, fundi hayupo, na mawe ya kusagia wimbi sijui yalitupwa wapi. Watoto wa siku hizi hushonewa sare wote kwa pamoja, hawapangwi mstari. Mwaka juzi tulimzika binti wa jirani. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsifu: ukarimu wake, sauti yake, wanawe. Nami nilikuwa pale na leso mkononi, nalia kweli, na Mungu anisamehe, nawaza kama mimi nitasifiwa hata nusu yake.