Mtu wa Kupima Kituoni

Mwanaamina alihamia pale kituoni akiwa bibi harusi, kutoka dukani kwa kaka yake Kasulu mjini, kwa kuwa mumewe alikuwa fundi wa reli. Mume akafariki, wafanyakazi wakaondolewa mmoja mmoja, dirisha la tiketi likapigiliwa mbao. Yeye akabaki na nyumba yake ya vyumba viwili, hatua thelathini kutoka relini, akiuza chai na mihogo ya kuchemsha. Abiria walimuuliza yeye: treni imechelewa? Imeshapita?

Tangu uvumi uanze kwamba waliojenga karibu na reli watahamishwa, alimtilia shaka kila mgeni asiyebeba mzigo.

Jumatatu moja akashuka mwanamume kwenye bodaboda, kamba mkononi. Akapima kutoka kibao cha jina la kituo hadi bombani, midomo ikihesabu. Kisha akasimama kuitazama nyumba.

"Hii nyumba ya nani, mama?"

"Ya wenyewe."

"Wapo?"

"Kwani wewe unapima nini?"

"Aa, kidogo tu," akajibu, macho chini.

Mwanaamina hakumkaribisha hata chai. Mtu mwema hajibu hivyo.

Jumatano yule mtu akarudi na matofali ya kuchoma, akayapanga safu tatu kando ya reli, akayapaka chokaa juu. Hii sasa ndiyo bikoni yenyewe, alama ya mpaka wa kubomoa, Mwanaamina akawaza. Mgeni alipoondoka tu, akayapakia kwenye karai, safari baada ya safari, akayaficha nyuma ya banda la kuku.

Alhamisi saa nne asubuhi mtu yule akaja na gari la kukodi. Alipofika pale akashika kichwa.

"Matofali yangu kachukua nani?"

Mwanaamina akaendelea kumenya mihogo. Treni ikapiga honi.

Behewa la tatu likasimama mbele yao. Kituo hakikuwa na jukwaa, na ngazi ya chini ya behewa ilikuwa usawa wa kiuno. Mlangoni alikaa bikizee kwenye kiti cha plastiki, upande mmoja wa mwili umelegea.

"Ndihokubwayo, mwanangu," aliita, "nitashukaje hapa?"

Mwanaamina akatupa kisu. Muda wa kurudisha matofali haukuwepo. Treni husimama dakika mbili tu. Akakimbia, akamshika bikizee miguu, mwana akamshika makwapani. Uzito ukawashinda, wakaanguka wote watatu kwenye kokoto, Mwanaamina chini kabisa. Treni ikaondoka.

Walimlaza bikizee kitandani kwa Mwanaamina. Hakuwa ameumia.

"Matofali niliyachukua mimi," Mwanaamina akasema. "Nilidhani umekuja kunibomolea."

"Si ungeniuliza, mama?"

"Nilikuuliza. Ukasema kidogo tu."

Ndihokubwayo akakung'uta vumbi kwenye suruali. "Niliona haya kusema mama yangu atashushwa kama gunia. Nilikuwa napima behewa litakaposimama, nimpangie matofali ya kukanyagia. Kapatwa na kiharusi huko Tabora kwa dada, basi halimfai."

"Na nyumba yangu ulikuwa unaiulizia ya nini?"

"Nilitaka kuomba apumzike kabla hatujapanda kwenda kijijini kwetu, Heru Juu."

Mwanaamina akammiminia chai.

Adhuhuri wakaondoka. Kiwiko kilimuuma Mwanaamina wiki nzima, na wateja walipomuuliza, alisema aliteleza bombani.