Samli ya Bibi Siku ya Pasaka

Jirani akikaanga kitu kwa samli, mimi hucheka peke yangu. Namkumbuka bibi asubuhi ya Pasaka, siku ya kubatizwa kwake, amejipaka samli kichwa mpaka kisigino. Kwetu Usukumani mtu alijipamba hivyo kwa sikukuu.

Katekista akamzuia mlangoni pa kanisa. "Mayu," akamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "unanuka ng'ombe. Rudi ukaoge, utabatizwa mwakani."

Bibi alikuwa amehangaika na katekisimu miaka miwili, mzee wa watu. Akaanza kugeuka arudi. Mimi nikabaki palepale.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Si padri naye anawapaka mafuta wanaobatizwa? Au yake hayanuki?"

Waliokuwa nyuma yetu wakaangua kicheko.

"Toto lina mdomo hili!" Katekista akanyanyua mkono anizabe kofi.

Bibi akaingia katikati. "Mguse uone. Mungu ananijua kwa harufu hii hii."

Akampita akimsukuma kwa bega, akaenda kukaa benchi la mbele kabisa. Padri akambatiza kama wengine.

Tulipotoka, katekista alikuwa bado kanuna mlangoni. Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Njoo nyumbani nikupake na wewe, mwanangu. Ngozi imekupauka."